Kioo cha Nyuma cha Gari: Somo la Umeme na la Kutafuta Kasoro

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi mkufunzi huketi nyuma ya darasa na kusikia sentensi ileile ikikaririwa kwa sauti moja: "Umeme hupita katika mzunguko uliokamilika." Watoto hukariri vizuri, mwalimu mwanafunzi huridhika, na kipindi huisha. Lakini mkufunzi akimpa mtoto mmoja betri, waya na balbu isiyowaka, kisha akamwuliza kasoro iko wapi, mtoto humtazama mwalimu wake, na mwalimu naye humtazama mkufunzi. Sentensi wanayo, bali njia ya kuitumia hawana.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi kifaa kimoja cha kawaida kinavyoweza kutumika kufundisha mambo mawili pamoja: kwanza, mkondo wa umeme na joto lake, pili, utaratibu wa kutafuta kasoro kwa akili badala ya kubahatisha. Kifaa hicho ni ile mistari myembamba ya rangi ya kahawia iliyo katika kioo cha nyuma cha gari, ambayo kazi yake ni kuondoa ukungu. Nitaeleza kwanza sababu ya kukichagua, kisha namna kinavyofanya kazi, namna ya kutafuta kasoro yake na kuitengeneza nyumbani, na mwisho namna ya kuyafikisha hayo yote darasani.

Sababu ya kuchagua kifaa hiki

Katika sehemu zetu za baridi, kama Njombe, Makete na Lushoto, au Limuru kwa wenzetu wa Kenya, miezi ya Juni hadi Agosti huwa na asubuhi za ukungu. Saa ambayo ukungu ni mzito ndiyo saa ambayo watoto wako njiani kwenda shule. Mwenye gari asiyeona nyuma ni hatari kwao, hata akiwa mwalimu wao.

Jambo hili sikulisoma kitabuni. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai tulikwenda wakufunzi wanne, kwa gari langu, kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, madirisha tulikuwa tumeyafunga, na kioo cha nyuma kilijaa ukungu. Nilibonyeza swichi ya kuondoa ukungu. Taa yake ndogo ikawaka. Nikaamini kazi inafanyika. Nilipoanza kurudi nyuma ili niegeshe karibu na ofisi, nilisikia makelele ya watoto. Nikakanyaga breki. Nyuma ya gari, hatua isiyozidi mbili, alisimama mtoto wa darasa la kwanza na ndoo yake ya maji. Alikuwa mfupi kuliko ukingo wa chini wa kioo kilichokuwa kimeng'aa. Sehemu ya juu ilikuwa imefunguka. Sehemu ya chini, ambamo ningeweza kumwona, ilikuwa nyeupe kama chokaa.

Baada ya kumwomba radhi mtoto yule na mwalimu wake, nilikwenda kukitazama kioo. Watoto wa darasa la sita walikuwa wameshakizunguka. Mmoja wao, msichana, alionyesha kwa kidole akasema, "Shikamoo mwalimu. Mistari ya juu imekauka, ya chini bado. Hii ya chini imekatika." Alikuwa amesema kweli. Mistari mitano ya chini ilikuwa na mkwaruzo mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine. Nikakumbuka kwamba miezi michache kabla ya hapo nilikwangua kibandiko cha zamani kwa wembe mahali hapohapo. Kasoro ilikuwa ya mkono wangu mwenyewe, na aliyeigundua ni mtoto aliyetazama wakati mimi niliamini taa.

Kwa hiyo kifaa hiki kinafaa kwa somo kwa sababu tatu. Kinapatikana: magari mengi yanayoingia kwetu yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, huwa na mistari hii. Kasoro yake huonekana kwa macho, kwa kuwa penye umeme ukungu hutoweka, na pasipo umeme hubaki. Tena matokeo ya kasoro hiyo ni jambo ambalo kila mtoto anaweza kulielewa bila kuelezwa mara mbili.

Ukungu hutoka wapi?

Mwalimu asianze na umeme. Aanze na ukungu. Hewa hubeba mvuke wa maji usioonekana. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 za Selsiasi huweza kubeba mvuke wa kadiri ya gramu 17. Ikipozwa hadi nyuzijoto 10 huweza kubeba gramu 9 tu, au zaidi kidogo. Mvuke uliozidi hauna budi kugeuka maji.

Ndani ya gari lililofungwa, kila abiria hutoa pumzi yenye joto na unyevu. Pumzi hiyo ikigusa kioo kilichopozwa na hewa ya nje, mvuke hugeuka matone madogo mno. Matone hayo ndiyo ukungu. Mtoto anaweza kuyatengeneza mara moja kwa kupumulia kioo cha dirisha la darasa au kipande cha kioo cha kujitazamia.

Kukifuta kioo kwa kiganja si dawa, kwa maana kioo bado ni cha baridi na pumzi bado zinatoka. Ukungu utarudi baada ya dakika chache. Dawa ni kupunguza unyevu kwa kufungua madirisha, au kukipasha kioo joto hadi mvuke usiweze tena kugeuka matone juu yake. Njia hiyo ya pili ndiyo inayotumiwa na kifaa chetu.

Jinsi kifaa kinavyofanya kazi

Mistari ile si waya uliobandikwa. Ni ujiuji wenye chembechembe za fedha, uliochapwa juu ya uso wa ndani wa kioo na kuchomwa kiwandani hata ukashikamana na kioo. Kila mwisho wa mistari, kushoto na kulia, kuna ukanda mpana unaoiunganisha yote. Ukanda mmoja hupokea umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, relei na swichi. Ukanda wa pili huurudisha kwenye bodi ya gari, ambayo imeunganishwa na ncha hasi ya betri. Katika magari mengi kuna pia kifaa cha kuhesabu muda, ambacho huzima umeme baada ya dakika kumi au kumi na tano hivi, ili betri isichoshwe bure.

Mistari yote imeunganishwa sambamba. Hili ndilo kiini cha somo. Kila mstari ni njia inayojitegemea kutoka ukanda hadi ukanda. Mmoja ukikatika, huo peke yake ndio unaopoa, mingine huendelea. Lakini ndani ya mstari mmoja, sehemu zake zimefuatana kama shanga katika uzi: ukikatwa mahali popote, mstari mzima hukosa mkondo, si kile kipande kilichokwaruzwa tu. Mwanafunzi akiyafahamu mambo haya mawili amefahamu tofauti kati ya muungano sambamba na muungano wa mfululizo, na ameifahamu kwa kuiona.

Tutumie hesabu nyepesi. Tuseme kioo kina mistari 12, kila mstari una ukinzani wa omu 12, na betri inatoa volti 12. Kwa kanuni ambayo Georg Simon Ohm aliitangaza mwaka 1827, mkondo wa kila mstari ni volti 12 kugawanya kwa omu 12, yaani ampea 1. Mistari yote pamoja huchukua ampea 12. Nguvu yake ni volti 12 mara ampea 12, yaani wati 144, ambayo ni zaidi kidogo ya balbu mbili za wati 60. Mstari mmoja ukikatika, mkondo wa jumla hushuka hadi ampea 11, na wati hushuka hadi 132.

Hapa walimu wanafunzi wengi hukosea. Hudhani kwamba mstari mmoja ukikatika, umeme wake "huhamia" katika mingine na kuipasha joto zaidi. Sivyo. Kila mstari uliobaki bado una volti 12 zilezile na omu 12 zilezile; hivyo hupitisha ampea 1 ileile. Mwalimu na alipe jambo hili muda, kwani swali hili litamwonyesha nani amefahamu na nani amekariri.

Kutafuta kasoro

Fundi mwema hatengenezi kabla ya kujua kilichoharibika. Kazi hii ina hatua nne, na kila hatua hupunguza eneo la kutafuta.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Subiri kioo kishikwe na ukungu, au kipumulie, kisha washa kifaa. Baada ya dakika chache tazama mistari ipi imekausha na ipi haijakausha. Kama yote haijafanya kazi, kasoro haiko katika mstari. Iko katika fyuzi, relei, swichi, waya, au mahali waya unapounganishwa na ukanda wa pembeni. Kama mistari michache tu imepoa, kasoro iko katika mistari hiyo. Kumbuka kwamba taa ndogo ya swichi huonyesha tu kwamba swichi imefungwa. Haionyeshi kwamba joto limefika kwenye kioo.

Hatua ya pili ni kupima kanda mbili za pembeni kwa mita ya umeme, ile ambayo mafundi huiita testa. Iweke katika volti za mkondo mnyoofu, kwenye kipimo cha volti 20. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa kifaa. Gusa ukanda mmoja kwa ncha nyekundu na wa pili kwa ncha nyeusi. Ukipata kadiri ya volti 12, umeme unafika. Usipopata kitu, gusisha ncha nyeusi kwenye chuma kisicho na rangi cha bodi ya gari, na upime kila ukanda peke yake. Kanda zote mbili zikionyesha volti 12, basi njia ya kurudi kwenye bodi imekatika. Zisipoonyesha kitu, umeme haufiki kabisa. Anza na fyuzi.

Hatua ya tatu ni kuupima mstari wenyewe. Zungushia ncha nyekundu kipande kidogo cha karatasi ya alumini, ili isikwaruze mistari. Ncha nyeusi ibaki kwenye ukanda unaorudisha umeme. Sasa gusa mstari katikati. Mstari mzima utaonyesha karibu volti 6, kwa sababu volti hupungua hatua kwa hatua kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mstari uliokatika hauonyeshi 6. Ukionyesha 12, mkato uko mbele yako, upande wa kurudi. Ukionyesha 0, mkato uko nyuma yako, upande umeme unakotoka.

Hatua ya nne ni kugawa nusu kwa nusu. Ukishajua nusu yenye kasoro, gusa katikati ya nusu hiyo, kisha katikati ya robo iliyobaki, na kuendelea. Mstari wa sentimita 100 ukigawanywa hivyo mara tano tu, eneo la kutafuta hubaki sentimita 3 hivi. Hapo sogeza ncha polepole. Mahali ambapo mita inaruka kutoka 12 hadi 0 ndipo penye mkato. Patie alama kwa kibandiko upande wa nje wa kioo.

Kutengeneza

Vifaa vinavyohitajika si vingi: rangi maalumu yenye fedha au shaba inayopitisha umeme, ambayo huuzwa katika maduka ya vipuri; utepe wa karatasi unaotumiwa na wapaka rangi; spiriti; kitambaa safi kisichoacha manyoya; na brashi ndogo. Gundi ya kawaida na rangi ya kawaida havifai, kwa kuwa havipitishi umeme. Kazi yenyewe huendeshwa hivi:

1. Zima kifaa na uondoe ufunguo. Acha kioo kipoe na kikauke.

2. Safisha mahali penye mkato kwa spiriti. Mafuta ya vidole yakibaki, rangi itabanduka.

3. Bandika utepe juu ya mstari na mwingine chini yake, ukiacha nafasi yenye upana uleule wa mstari.

4. Koroga rangi vizuri, maana chembe za madini huzama chini ya chupa. Rangi isiyokorogwa ni maji tu.

5. Paka rangi juu ya mkato, ukipita angalau nusu sentimita kila upande juu ya mstari mzima. Iache ikauke kama maelezo ya chupa yanavyosema, kisha paka mara ya pili na ya tatu.

6. Ondoa utepe taratibu kabla rangi haijawa ngumu kabisa, ili usiibandue.

7. Acha saa 24 kabla ya kuwasha kifaa, kisha pima tena kama ulivyopima mwanzo.

Mwanafunzi mdadisi atauliza kwa nini tusipake mara moja tu. Jibu ni zuri kwa somo letu. Mkondo uleule hupita katika sehemu zote za mstari mmoja. James Prescott Joule alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba, mkondo ukiwa uleule, joto huzidi penye ukinzani mwingi. Kiraka chembamba kina ukinzani mwingi. Kwa hiyo joto hukusanyika hapo na kiraka huungua tena. Kiraka kinene kidogo hupitisha umeme kwa urahisi kama jirani zake.

Njia hii yafaa kwa mikato mifupi, ya sentimita mbili au tatu. Iwapo ncha ya waya imebanduka kwenye ukanda wa pembeni, inaweza kurudishwa kwa gundi maalumu inayopitisha umeme. Kulehemu pia kunawezekana, lakini joto likizidi mahali pamoja kioo chote huweza kupasuka vipande vipande. Kazi hiyo aachiwe fundi mzoefu. Ikiwa kioo kimebandikwa karatasi nyeusi ya kuzuia jua, rangi haiwezi kuufikia mstari. Tena kuibandua karatasi hiyo kwa pupa huling'oa lile lililokuwa zima.

Mwisho, kinga ni bora kuliko tiba. Usikwangue kioo kwa wembe. Usipakie madawati au masanduku ya vitabu yakaegemea kioo. Unaposafisha, futa kwa kufuata mistari, usifute kwa kuikata.

Kulifikisha somo darasani

Si kila shule ina gari, wala si lazima. Gari la mgeni au la mwalimu mmoja latosha kwa dakika kumi za kutazama. Kazi iliyobaki itafanyika darasani kwa zana za bei ndogo. Napendekeza andalio lifuatalo kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Shabaha ya somo: mwanafunzi aweze kutafuta mahali palipokatika katika njia ya umeme kwa kupima na kutoa sababu, bila kubahatisha.

Zana: betri mbili kavu za tochi, balbu mbili za tochi, ubao mdogo, misumari tisa, na vipande vinane vya waya wenye ganda.

Maandalizi: pigilia misumari tisa katika mstari mmoja na uipe namba 1 hadi 9. Unganisha kila msumari na jirani yake kwa kipande cha waya. Msumari wa 1 uunganishe na ncha chanya ya betri. Msumari wa 9 uunganishe na balbu ya kwanza, na balbu hiyo na ncha hasi. Balbu ikiwaka, njia ni nzima. Kisha, bila watoto kuona, kata shaba ya ndani ya waya mmoja na ulifunike ganda lake kwa utepe. Nyaya zote zifunikwe utepe mahali palepale, ili macho yasiweze kutoa jibu.

Utangulizi wa somo, dakika 5: watoto wapumulie kioo na waeleze walichokiona. Simulia au uliza juu ya gari ambalo dereva wake haoni nyuma. Usitoe maelezo marefu.

Kukuza somo, dakika 20: onyesha ubao ambao balbu yake haiwaki. Uliza, "Tutajuaje waya upi umekatika bila kuufungua hata mmoja?" Wape balbu ya pili yenye nyaya mbili: mmoja umefungwa kwenye ncha hasi ya betri, wa pili ni wa kugusia misumari. Kundi la kwanza aghalabu litaanza na msumari wa 1, kisha wa 2, kisha wa 3. Waache. Hesabu majaribio yao na uyaandike ubaoni. Kisha uliza kama kuna njia fupi zaidi.

Mtoto mmoja atasema waanze katikati. Wakigusa msumari wa 5 na balbu ikawaka, umeme umefika hapo, na mkato uko kati ya 5 na 9. Isipowaka, mkato uko kati ya 1 na 5. Nyaya nane zimekuwa nne. Kwa jaribio la pili nne huwa mbili, na kwa la tatu mbili huwa moja. Majaribio matatu yatosha daima, wakati yule aanzaye mwanzo huenda akahitaji saba. Hapo watoto wamejifunza sayansi na hesabu kwa wakati mmoja.

Kupima maendeleo, dakika 10: kila kundi lifiche kasoro katika ubao wake na kuwapa wenzao. Kabla ya kugusa msumari, mtoto aseme anatazamia nini na kwa nini. Sharti hili ni muhimu kuliko yote. Mtoto anayegusa bila kutazamia jambo lolote anacheza. Anayetazamia kisha akagusa anachunguza.

Hitimisho, dakika 5: watoto waeleze kwa maneno yao kwa nini mistari mitano ilipoa na mingine ikaendelea. Andika ubaoni maneno yao, si yako.

Tahadhari

Volti 12 za gari hazimrushi mtu, lakini betri ya gari ina nguvu ya kuyeyusha waya na kuunguza ngozi endapo ncha zake mbili zitaunganishwa kwa chuma. Vua pete na saa kabla ya kazi, na watoto wasikaribie betri, ambayo pia ina asidi. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu. Zaidi ya yote, waambie watoto waziwazi kwamba majaribio haya ni ya betri kavu tu. Umeme wa ukutani huua, na haujaribiwi.

Pia angalia ni nani anayeshika vifaa. Katika makundi mengi wavulana hunyakua nyaya na wasichana huachiwa kalamu ya kuandika matokeo. Badilisha kazi kila jaribio. Aliyeitambua kasoro ya gari langu hakuwa mvulana, wala hakuwa mwalimu.

Hitimisho

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isitenganishwe na kazi. Wengi waliyafasiri maneno hayo kuwa ni jembe na shamba tu. Lakini kujitegemea ni pia kuweza kusimama mbele ya kitu kilichoharibika na kuuliza kwa utaratibu: umeme umefika wapi, na umeishia wapi?

Swali hilohilo ndilo la mwalimu kwa mwanafunzi wake. Mtoto akishindwa kugawanya, kumrudisha mwanzo wa hesabu zote ni kupoteza siku, na kumkemea ni kupoteza mtoto. Mwulize swali la katikati: je, anajua kuzidisha? Akijua, kasoro iko mbele. Asipojua, iko nyuma. Maswali matatu au manne yaliyochaguliwa vizuri yatakufikisha mahali penyewe, na hapo ndipo pa kuweka kiraka, tabaka kwa tabaka, bila haraka. Darasa zima likikuitikia "Ndiyo, mwalimu," usilifanye jibu hilo kuwa ushahidi. Hiyo ni taa ya swichi. Nenda ukaguse kioo.

Mistari yangu mitano niliitengeneza Jumamosi iliyofuata, kwa muda wa alasiri moja. Hata hivyo, tangu siku ile sirudi nyuma katika uwanja wa shule kabla mtu mzima hajasimama nje na kuniongoza, kioo kiwe kimeng'aa au hakijang'aa.

Mazoezi kwa walimu wanafunzi

1. Kioo kina mistari 10, kila mmoja una omu 15, na betri ni ya volti 12. Tafuta mkondo wa kila mstari, mkondo wa jumla, na wati zote. Mistari miwili ikikatika, hesabu tena.

2. Kwenye mstari mmoja, mita inaonyesha volti 12 katikati, na volti 0 kwenye robo ya mwisho kuelekea ukanda unaorudisha umeme. Eleza mkato uko wapi, na utagusa wapi baadaye.

3. Chagua mada moja ya hesabu au ya lugha ambayo wanafunzi wako hushindwa. Andika maswali matatu, ukianzia katikati, yatakayokuonyesha mahali hasa ufahamu wao unapokatika. Yajaribu katika mazoezi yako yajayo ya kufundisha, na uandike ulichokigundua.